Herufi A Niliyoiweka Chini ya Jina la Komora

Wiki tatu zilizopita nilirudisha ofisini ufunguo wa kabati, kalamu mbili zisizoandika, na kompyuta ndogo niliyoitumia hadi siku ya mwisho. Msimamizi wetu, Bwana Kahindi, aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki Garsen jinsi kazi ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa darasa la nane.

"Ndiyo maana watakuelewa, Mama Asha," akasema.

Basi naandika. Habari za vyeo nitaziacha, kwa kuwa sikupandishwa mara za kutosha kujaza hata nusu ukurasa. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha kazi, juu ya programu mnayoifungua kila asubuhi, na juu ya mstari mmoja niliouandika mimi, ambao nusura uharibu jina la mtu huyo akiwa ameshazikwa.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Komora, karani mkuu. Alikuwa Mpokomo wa Chara, mkulima mwana wa mkulima. Mimi ni Mworma, binti wa mfugaji. Ofisi yetu iliandika mashamba ya vijiji vya delta na malka zake, yaani zile njia zinazopita katikati ya mashamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa. Kwa hiyo kila tulichoandika kiliwahusu watu wake na watu wangu kwa pamoja, na kila upande ulijua kusoma vizuri zaidi pale palipoandikwa habari za upande wa pili.

Komora alinipa daftari la shambani, lililolowa jasho na tope, akaniambia nisome ukurasa mmoja. Niliutazama kwa muda mrefu.

"Siwezi kuusoma mwandiko huu," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Ni mwandiko wangu, hata mimi siusomi. Ungesema unaweza, ningekurudisha kwenu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote. Kitu kimoja kikae mahali pamoja. Zamani kabla yangu, orodha ya mipaka ya kijiji kimoja ilinakiliwa mara mbili, mmoja akarekebisha nakala hii na mwingine ile, na familia mbili zikafika ofisini asubuhi moja kila moja na karatasi yake, zote zina mhuri. Ilichukua msimu mzima kuwapatanisha. Tangu hapo, ukitoa daftari kabatini ulining'iniza jina lako kwenye msumari, na daftari lenyewe ukaondoka nalo. Kompyuta zilipokuja, Komora aliihamisha sheria ileile kama ilivyo. Ukitaka kwenda na faili kwenye flashi, usilinakili, likate. Mashine ibaki tupu, ili mtu mwingine asipate cha kuchezea mpaka urudi. Sisi wote wa ofisi ile tulikata. Vijana waliotoka vyuoni walishangaa, lakini baada ya mwezi nao walikuwa wanakata.

Halafu ikaja programu hii ya kutunza matoleo. Komora alikwenda Hola kufundishwa kwa siku nne, akarudi na kurasa kumi na mbili za maandishi na macho mekundu. Alinieleza hivi: ni daftari lisilosahau. Kila ukimaliza kazi unaiambia isajili, nayo inaweka kumbukumbu ya kilichobadilika, nani amekibadilisha, saa ngapi, na maneno machache ya sababu. Kisha unatuma kwenye ghala lililoko Hola, na wenzako wanavuta kutoka huko. Ukikosea leo, ya jana bado yapo.

"Hata ukifuta?" nikamuuliza.

"Hata ukifuta. Inaandika kwamba umefuta, na inaficha ulichokifuta mahali ambapo unaweza kukirudisha."

Haikuwa na vitufe vya kubofya. Ilikuwa dirisha jeusi na amri za kuandika kwa vidole. Mimi niliyezoea kalamu niliandika amri kama mtu anayekanyaga miiba. Kila amri ina nyongeza zake, kistari na herufi, zinazoiambia ifanye vipi. Bila nyongeza, amri ya kusajili husajili yale inayoyajua tu. Faili jipya ni lazima kwanza ulitambulishe kwa amri nyingine, la sivyo linabaki kwenye mashine yako peke yako na hakuna mtu Hola atakayeliona. Ukiongeza kistari na herufi A kubwa, unaiambia itazame folda yote yenyewe: faili jipya ilipokee, na faili lisilokuwepo ilihesabu kuwa limeondolewa.

Isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho. Mimi nilisoma nusu yake tu.

Kuna faili dogo la mipangilio ambalo programu hulisoma kabla ya kufanya lolote. Humo unaweka machaguo-msingi, yaani yale ambayo ungependa amri iyafanye kila mara bila kuandikiwa. Unaandika jina la amri, alama ya sawasawa, kisha nyongeza. Basi. Komora alikuwa na machaguo-msingi mawili. La kwanza lilifanya historia ionyeshe maingizo kumi tu badala ya kuteremka kama maji ya mafuriko. La pili lilifanya ulinganisho usijali nafasi tupu, kwa sababu mashine ya ofisi yetu ndogo ya Tarasaa ilikuwa inaongeza nafasi mwisho wa kila mstari na hatukujua kwa nini mpaka leo. Juu ya hayo palikuwa na mstari wa jina lake, ambao programu huubandika kwenye kila kitu kinachosajiliwa.

Nilimuuliza kwa nini asiweke mengi zaidi, apumzishe vidole.

"Ya kutazama naweka," alisema. "Ya kubadilisha naandika kwa mkono kila mara. Nikiyaweka humo, siku moja nitasahau kwamba niliyaweka, na yenyewe hayatasahau."

Nilikubali kwa kichwa, kama mtu anavyokubali akiwa amechoka.

Komora aliugua polepole. Kwanza aliacha kwenda mashambani, kisha akaacha kuja ofisini, kisha akalala nyumbani kwake nyuma ya soko, akihudumiwa na mke wake, Mama Jillo. Kompyuta yake nilipewa mimi. Niliitumia ofisini mchana, na jioni niliipitisha kwake aangalie. Jina lake lilikuwa bado kwenye faili la mipangilio. Nilijua lipo, na nilijua kwamba kila nilichosajili kilikuwa kinaingia kwa jina lake. Kulibadilisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikulibadilisha. Kufuta jina la mtu aliye hai kitandani na kuweka langu kulionekana kwangu kama kumzika mapema. Hiyo ndiyo sababu, na haitoshi, lakini sina nyingine.

Kosa la pili lilitokana na aibu. Msimu ule tulikuwa tunapiga picha za malka zote, na kila safari ilileta faili mpya. Mara tatu nilisahau kuzitambulisha. Jioni Komora alikuwa akigeuka kitandani na kusema, "Asha, picha za Chara hazijafika Hola." Mgonjwa anayeshindwa kushika kikombe ananikumbusha kazi yangu. Ya tatu iliponipata, nilikaa nikasoma zile kurasa kumi na mbili, nikaiona ile herufi A, nikaona inapokea faili mpya yenyewe. Nikafungua faili la mipangilio. Commit, ndiyo amri ya kusajili, alama ya sawasawa, kistari, A. Nikahifadhi. Tangu siku hiyo sikusahau tena, na nilijiona fundi. Komora sikumwambia. Nilitaka afikiri kwamba nimekuwa makini.

Siku aliyokufa ilianza vizuri. Kulikuwa na mkutano mkubwa unakaribia Tarasaa, wa wakulima na wafugaji kukubaliana malka kabla ya kiangazi, na ilibidi orodha ya malka ichapishwe. Mashine yetu ya kuchapa haikuwa na wino. Nikachomeka flashi na kulihamishia faili la malka ili niende nalo saiba, duka la kompyuta la sokoni, nikalichapishe huko. Nililikata, kama tulivyofundishwa. Kabla ya kuondoka nikakumbuka picha mpya za Chara, nikaandika amri ya kusajili, nikaweka maneno "picha za Chara", nikatuma Hola, nikafunga. Nilikuwa kwenye foleni saiba Mama Jillo aliponipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Asha, mzee ametutoka." Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake na flashi mkobani. Sikuchapisha kitu.

Sitaandika juu ya mazishi. Waliokuwepo wanajua.

Zilipita wiki mbili. Kahindi, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kwetu, alifungua mashine yake kuandaa mkutano na hakuliona faili la malka. Aliuliza mashine ya Tarasaa, halipo. Akaiuliza programu yenyewe, nayo ikamjibu kama inavyomjibu mtu yeyote: faili limeondolewa, na aliyeliondoa ni Komora, asubuhi ya siku aliyokufa. Kahindi aliisoma kwa sauti mbele ya watu wawili waliokuja kuuliza habari za mkutano. Hakukusudia ubaya. Lakini Garsen ni ndogo. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeshafika kwa wafugaji: yule mzee wa wakulima, akijua anakufa, alizifuta malka zetu zote, na sasa watalima mpaka ukingoni mwa mto.

Mjomba wangu Barisa alifika kwangu jioni, hata viatu hakuvua.

"Miaka yote umekaa naye meza moja," akasema. "Ukala kwake. Hukumjua?"

"Komora hawezi kufanya hivyo, mjomba."

"Kompyuta imesema."

"Nitaiangalia."

"Iangalie. Na uwaambie wenzako, kama malka haziko kwenye karatasi siku ya mkutano, sisi hatutakaa kikao. Ng'ombe watapita wanapojua wao."

Nilijua maana ya maneno hayo. Ng'ombe katika mahindi ya mtu, fimbo, kisha panga. Tumewahi kuviona na sina haja ya kuvieleza.

Mama Jillo naye aliacha kwenda sokoni. Mwanamke mmoja wa wafugaji, muuza maziwa, alikuwa amemgeuzia mgongo mbele ya watu.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya wengine nikafungua historia. Ingizo lilikuwa pale, jina la Komora, saa tatu na nusu, na maneno "picha za Chara". Nikayatazama yale maneno. Yalikuwa yangu. Nikaomba programu ionyeshe kilichobadilika katika ingizo lile: picha sita zimepokelewa, faili moja limeondolewa. Nikafungua faili la mipangilio, nikaiona herufi A imekaa chini ya jina lake kama kupe. Kisha nikafungua mkoba wangu. Flashi ilikuwa bado imo, na ndani yake faili la malka, zima, lilelile nililolikata.

Hapo nikaelewa yote. Ile sheria ya zamani ilisema mashine ibaki tupu. Mstari wangu ulisema kilichokosekana kimeondolewa. Kila kimoja peke yake hakikuwa na ubaya. Nilivikutanisha mimi, na programu ikaweka jina la mtu aliyekuwa akitafuta pumzi kitandani wakati mimi nabonyeza.

Naomba niseme kweli kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Niliketi nikacheka kidogo peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu hakuwa yeye. Usiku ule nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama kweli ni yeye, na hilo ndilo ninalolionea haya zaidi kuliko herufi A.

Kulirudisha faili ilikuwa amri moja. Nililirudisha kutoka kwenye historia, si kutoka kwenye flashi, ili yeyote aweze kuona kwamba ni lile la siku iliyotangulia na hakuna mkono ulioligusa katikati. Kisha nikamwita Kahindi nikamweleza. Alishusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi, limepatikana," akasema, ingawa yeye ni wa kanisani. "Basi mkutanoni tutasema mashine iliharibika kidogo, imetengenezwa."

"Mashine haikuharibika. Ilifanya nilichoiambia."

"Mama Asha, wataelewaje habari za machaguo-msingi?"

"Wakisikia mashine iliharibika watasema tumeitengenezea uongo. Na jina litabaki palepale."

Mjomba Barisa alinipa ushauri huohuo kwa njia yake. Nilipomweleza alizungusha kofia yake mkononi.

"Faili limerudi?"

"Limerudi."

"Basi nyamaza. Marehemu hasikii. Wewe bado una kazi, na ni binti yetu. Unataka watu waseme ni sisi wenyewe?"

"Ni sisi wenyewe, mjomba. Ni mimi."

Aliondoka bila kumaliza chai, na kwa mjomba wangu hilo ni jambo kubwa.

Mkutano ulijaa hadi nje. Wafugaji walikaa upande wa mlango, wakulima upande wa madirisha, kama kawaida. Niliomba kusema kwanza. Sikuanza na kompyuta. Nilianza na daftari na msumari, kwa kuwa wengi walikuwa wamewahi kufika ofisini na kuuona. Nikasema, tuseme nimechukua daftari la malka na kwenda nalo sokoni. Na tuseme nilikuwa nimemwagiza mtu wa ofisini, kila jioni hesabu madaftari, lisilokuwepo kabatini liandike limetupwa. Akahesabu, akaandika limetupwa. Na kitabu anachoandikia kina jina la Komora kwenye jalada, kwa sababu mimi sikutaka kulibandua. Daftari nilikuwa nalo mkobani. Aliyetoa agizo ni mimi. Komora siku ile alikuwa anakufa.

Kisha mkulima mmoja mzee wa Chara akasimama taratibu upande wa madirisha.

"Ngoja nielewe, binti," akasema. "Malka za Waorma zimefutwa na Mworma?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisi Wapokomo wiki nzima tumetukanwa?"

"Ndiyo, baba."

Akageuka akawatazama wafugaji. "Basi mwakani tupeni huyu atufutie na ng'ombe wenu wanaokula mahindi yetu."

Upande wa madirisha ukacheka kwanza. Halafu mlangoni mtu mmoja akashindwa kujizuia, na ukumbi wote ukafuata. Mjomba Barisa alifunika uso kwa kofia, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Kicheko kilipotulia alisimama, akasema kwa sauti isiyo na mzaha kwamba wafugaji walimsema vibaya marehemu na kwamba maneno hayo wanayarudisha. Kisha akasema, "Soma orodha."

Nilisoma orodha, malka moja moja, kuanzia ile ya Mikindu. Palikuwa na ubishi juu ya mbili, ubishi wa kawaida wa hatua ngapi na mti gani. Kufikia alasiri walikuwa wameweka dole gumba kwenye zote.

Niliporudi ofisini nilifungua faili la mipangilio. Niliondoa mstari wa herufi A. Kwenye mstari wa jina niliandika langu. Kisha nilisajili maelezo mafupi kando ya lile ingizo, nikasema nani hasa aliliingiza, ili hata atakayekuja miaka ijayo asimkute Komora pale bila mtetezi. Mkiitazama historia mtayaona. Msiyafute.

Kuhusu kazi yenyewe nawaachia haya. Machaguo-msingi ya kutazama wekeni mnavyopenda. Yanayobadilisha kitu yaogopeni, na kama ni lazima, andikeni kando ya mstari nani ameuweka na kwa nini. Mkipokea mashine ya mtu, jambo la kwanza fungueni faili lake la mipangilio mlisome lote, na wekeni jina lenu, hata kama moyo unauma. Kabla ya kusajili iulizeni programu hali ikoje, nayo itawaonyesha kila inachotaka kupokea na kuondoa. Ni amri fupi. Mimi ilinichukua miaka kuizoea. Na siku hizi nakilini, msikate.

Jioni ile ya mkutano, kutoka ofisini, nilipita kwa Mama Jillo. Alikuwa amekaa uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote, tangu herufi A hadi maneno ya mjomba. Hakuinua kichwa, vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe.

"Alikuwa anaona jina lake," akasema baadaye. "Ulipokuwa unamletea ile kompyuta jioni. Ukiondoka alikuwa ananiambia, Asha anafanya kazi, sifa napokea mimi."

"Hakuniambia nilibadilishe."

"Alikuwa anafurahi. Alijiona bado yuko ofisini."

Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akapepeta ungo na kuuweka chini.

"Kesho ni siku ya soko," akasema. "Utanipitia?"

Nilimpitia saa mbili asubuhi. Tulikwenda kwanza kwa yule mwanamke wa maziwa. Alimpimia Mama Jillo akajaza chupa hadi mdomoni, na alipopewa pesa akazisukuma kando. Mama Jillo alizirudisha mbele yake.

"Chukua," akamwambia. "Mimi na kesho nitakuja kununua."